Ilifika asilimia 87, ikafa, ikataka nianze upya

Wakuu, nimesubiri siku kadhaa ndipo niandike, maana siku ile ile ningeandika matusi. Na bado hasira haijaisha.

Programu yenyewe ya kunakili diski siitaji jina. Ni zile za kulipia: vitufe vikubwa, diski mbili zimechorwa pembeni kwa pembeni, mshale unatoka ya kushoto kwenda ya kulia. Leseni yake ni hela ambayo pale Uyole unabeba gunia la viazi na chenji inabaki. Kazi ilikuwa kukloni (kunakili yote kama ilivyo) diski ya zamani ya GB 500, iliyo kwenye laptopu ya chama cha wakulima wa kahawa huko Mbozi, kwenda kwenye SSD mpya ya GB 512. Ndani mna daftari la wanachama na kilo walizopeleka misimu iliyopita. Nakala nyingine hakuna.

Ikaenda vizuri mpaka asilimia 87. Hapo diski ikaanza kulia tik, tik, tik, namba ikaganda, kisha kikatokea kidirisha: hitilafu ya kusoma, kazi imesitishwa. Kitufe ni kimoja tu, Sawa. Ukikibonyeza unarudishwa ukurasa wa mwanzo, na kwenye SSD hakuna kitu kinachofunguka. Imeishia sekta gani, yaani kipande gani kidogo cha diski? Haisemi. Ruka hapo uendelee? Haina. Ukianza upya inafia palepale.

Watu wanaona ni usumbufu wa saa chache tu. Hapana. Diski inayokufa haina uhai wa kuchezea. Kila ukianza upya, kichwa kinapita tena juu ya yale yote yaliyokwisha kusomwa, na kikifika penye jeraha kinajaribu na kujaribu mpaka pale palipochubuka pazidi kuchubuka. Programu inayokulazimisha kuanza sifuri inaimaliza diski yako mikononi mwako, na umeilipa.

Kabla ya kukloni chochote, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, uangalie mistari ya 05, C5 na C6. C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje. Ikiwa si sifuri, weka pembeni programu za kawaida. Na kuwa makini, namba za mwisho pale kwa kawaida huandikwa kwa heksi, hesabu ya kumi na sita: ukiona 10, jua ni 16.

Kilichookoa kazi ni ddrescue, programu ya Linux ya kunakili diski mbovu, na haina hata senti ya leseni. Unaandika SystemRescue (Linux inayowaka kutoka kwenye flashi, ddrescue imo ndani) kwa kutumia programu ya Rufus, unazima Secure Boot (kizuizi cha kuwasha mifumo mingine) kwenye mipangilio ya BIOS, unawasha laptopu kutoka kwenye flashi hiyo. Diski mbovu iache ndani ya laptopu kwenye SATA yake (tundu lake la kawaida), SSD ndiyo ikae kwenye adapta ya USB. Wengi hufanya kinyume, halafu adapta inapokutana na sekta mbovu inaganda na diski inapotea kabisa kwenye orodha. Tumia tundu la USB 3: kwenye USB 2 huvuki sana MB 35 kwa sekunde, na GB 500 zitakula saa nne hata kama diski ni nzima.

Kisha andika `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`, amri inayoorodhesha diski, usome namba za diski kwa kidole, mara mbili. Kwangu sda ilikuwa diski mbovu na sdb SSD; ukizigeuza umefuta kila kitu, na hapo hakuna fundi Mwanjelwa wala Dar atakayekurudishia. Chomeka flashi ya pili, iunganishe kwenye folda ya /mnt, halafu:

`ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /mnt/ramani`

Hilo neno la mwisho ndilo lililonifanya niandike haya yote. Ni faili dogo la maandishi linaloweka rekodi ya kila eneo: alama ya + pamesomwa, alama ya - pamegoma. Liwe kwenye flashi ya pili, maana likibaki kwenye mfumo uliowashwa kutoka flashi, umeme ukikatika limeondoka na RAM. Na umeme ulikatika, mvua ilikuwa inanyesha na betri ya laptopu ile ilishakufa zamani. Uliporudi, amri ile ile, herufi kwa herufi, na kazi ikaendelea karibu na pale ilipokatikia. Nilitaka kupiga makofi.

Mzunguko wa pili ni `ddrescue -d -f -r3 /dev/sda /dev/sdb /mnt/ramani`, unaorudi kwenye sehemu zilizogoma peke yake na kuzijaribu mara tatu. Mwisho zilibaki baiti 53248 zisizosomeka, yaani sekta 104. Sekta 104 ndizo zilizoifanya programu ya kulipia isusie diski nzima!

Toa diski ya zamani kabla ya kuwasha Windows mara ya kwanza, kwa sababu sasa zote mbili zina utambulisho mmoja na Windows hugombana nazo. Ndipo uendeshe `chkdsk /f`, inayorekebisha mpangilio wa mafaili, kwenye SSD, kamwe si kwenye diski mbovu, halafu `sfc /scannow`, inayokagua mafaili ya Windows. Daftari la wanachama lilifunguka lote.

Nitende haki. Kwa diski nzima ile programu ni nzuri na ina kasi, inanakili sehemu zenye data tu, na inaweza kuibana GB 500 iingie kwenye SSD ya GB 480. Hilo ddrescue haiwezi, diski pokezi lazima ilingane au izidi: ile ya 500 Windows huionyesha kama 465, ya 480 ni 447, haiingii. Kwa hilo nilitaka kuipa nyota tatu.

Lakini ukurasa wao umeandika, kwa herufi kubwa, kwamba inaokoa diski zinazokufa. Nilipowaandikia nikaambatisha picha ya kile kidirisha, jibu likawa mstari mmoja: nunua toleo la juu. Hata pole hakuna, wala swali kuhusu diski. Nyota moja, na siiongezi.

Kama muda huu yako imeganda kwenye asilimia fulani na diski inalia, usibonyeze kuanza upya. Zima laptopu, iache imezimwa, katafute flashi mbili.