Mkahawa wa Ufuoni Diani: Pweza Hana Mfano, Langoni Kuna Kazi

Nianze na pweza, kwa sababu ndiye aliyetuvusha feri ya Likoni. Mama alitimiza miaka 70 mwezi wa Agosti, na tangu baba afariki hataki sherehe wala keki. Alichotaka ni pweza wa nazi aliyepikwa na mtu mwingine, yeye akae tu aletewe. Nikauliza huku na huku. Wenzangu wa zamani wa hotelini wakanielekeza mkahawa mmoja wa ufuoni Diani. Jina lake sitaliandika. Kuna kijana wa langoni ambaye nitamsimulia, na sitaki kazi imtoke kwa sababu yangu.

Tulikwenda watatu: mama, kaka yangu na mimi. Kaka alitushusha langoni akaenda kuegesha gari. Mama alikuwa amevaa dera jipya na mtandio wa rangi ya zabibu alioununua kwa ajili ya siku hiyo. Langoni kuna mnyororo mwembamba, na nyuma yake kijana aliyevaa sare. Hatujafika hata vizuri, akauliza, "Mnaenda wapi?"

Msomaji wa bara huenda asione kosa hapo. Huku kwetu mtu hujuliwa hali kwanza, safari yake baadaye. Kijana wa Kidigo aliyelelewa Ukunda akimwona mwanamke wa umri wa mama, shikamoo humtoka kabla hajafikiri. Huyu nilimwona akiimeza. Akauliza tena kama tumefanya buking. Nikamwambia hatukufanya, kwani tulipopiga simu tuliambiwa si lazima. "Basi kaeni hapo pembeni, niulize ndani." Pembeni ni benchi ya simiti, nayo ilikuwa juani.

Tulikaa dakika 20. Nilifanya kazi ya mapokezi katika hoteli za pwani ya kusini miaka 19, na kuhesabu wanaoingia ni mazoea ambayo hayajanitoka. Makundi manne ya Wazungu yalipita, mmoja wao hana shati, mchanga umemganda mpaka magotini. Wakiwa bado hatua kumi, mnyororo ulikuwa umeshashushwa: "Jambo, karibuni sana." Hakuna aliyeulizwa buking. Ikaja familia ya Kihindi, na kwa Kiswahili chao nilijua ni watu wa Mombasa kama sisi. Hao waliulizwa, wakaonyesha simu, wakapita. Mwisho wakaja mume na mke weusi, weusi kunishinda mimi. Kijana akainua mkono: mnaenda wapi? Mume akajibu kwa Kiingereza cha Marekani. Sentensi yake haijafika mwisho, mnyororo uko chini.

Hapo nilielewa kitu ambacho kwa miaka yote ya mapokezi sikukiona nikiwa upande wa ndani wa kaunta. Kama ingekuwa kuchukia ngozi peke yake, wale Wamarekani wasingepita. Kijana alikuwa anatafuta mfuko na pasipoti, na ngozi ndiyo tochi aliyopewa ya kumulikia. Aliyezaliwa hapa huanza kwa kushukiwa, mpaka atoe ushahidi. Aliyetoka mbali huanza kwa kuaminiwa.

Kaka aliporudi hakukubaliana nami, na mpaka leo hatujakubaliana. Anasema ninaona ubaguzi kila mahali. Askari ni mweusi, meneja ni mweusi, ubaguzi wa rangi unatoka wapi? Anasema pia kwamba wenye mikahawa ya ufuoni wana shida ya kweli: wachuuzi wa vinyago, vijana wa kuuza safari za mashua, watu wanaoingia kutumia choo na kutoka. Hayo yote ni kweli. Lakini mama yangu hakubeba kinyago. Na kama shida ni watu wasionunua, yule wa mchanga magotini naye hakuulizwa kama atanunua.

Mama mwenyewe alisema neno moja tu pale kwenye benchi. "Kalabaa." Ndivyo wazee walivyoita zile sheria na desturi za mkoloni za kila rangi na mlango wake. Babu alikuwa mpishi wa hoteli Mombasa kabla ya uhuru wa 1963. Alipika samaki wa meza ambazo hakuruhusiwa kuzikalia, na mama aliyasikia hayo akiwa mtoto mdogo. Kwa hiyo yeye na kaka waliangalia mnyororo uleule, saa ileile, na kila mmoja akaona kitu chake.

Tuliingia hatimaye. Chakula nitakisema kwa haki, kwa sababu ni haki yake. Pweza alipondwa vizuri kabla ya kupikwa, ukimkata kwa uma anaachia, lakini bado ana utafuno. Tui ni zito la nazi ya kukuna, si la pakiti. Ukilionja unakuta utamu wa nazi kwanza, kisha bizari, halafu mwisho kabisa ndimu inaingia na kusafisha kinywa. Pilipili ya embe huletwa kando. Wali wa nazi umekauka punje kwa punje. Mchicha ulizidi chumvi. Juisi ya ukwaju ni ya ukwaju kweli, ina nyuzi chini ya glasi. Sahani ya pweza ni shilingi 1,600, wali 300, ukwaju 250, na kwa ufuo ule si bei ya kulalamikia. Vyoo ni visafi. Meza za mbele upepo wa kusi huzipiga mpaka karatasi za mikono zinaruka, kwa hiyo mwenye mtoto au mzee aombe zile za chini ya makuti.

Nilimuuliza weita pweza anatoka wapi. Akasema kwa kina mama wa vijiji vya jirani, wanaoingia miambani wakati wa bamvua maji yanapotoka sana, na mpishi wake ni mzee wa Kidigo aliye jikoni hapo miaka 11. Kina mama hao wakija mbele, langoni, watakaa kwenye ile benchi. Mama alikula nusu, akasema ameshiba. Namjua mama akishiba. Siku ile hakuwa ameshiba.

Nikaomba kumwona meneja. Alikuja dada wa miaka 30 na kitu, mpole, akavuta kiti akakaa nasi badala ya kusimama, na hilo nalihesabu kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, samahani sana. Lakini yule hakuwa na nia mbaya."

Namwamini. Mimi mwenyewe nilikuwa sina nia mbaya. Mwaka wangu wa nne mapokezi alikuja bwana mmoja mwenyeji na mkoba mdogo, akaomba chumba cha usiku mmoja. Nikamtaka kitambulisho na pesa yote mkononi kabla ya kumpa ufunguo. Mzungu aliyekuwa mbele yake kwenye foleni nilimpa ufunguo nikamwambia atalipa akiondoka. Hakuna karatasi iliyoniagiza hivyo. Kulikuwa na neno tu la kikao cha asubuhi: "wachujeni." Yule bwana alilipa bila kusema. Asubuhi akaweka ufunguo juu ya kaunta, akatoka bila kuniangalia. Nia yangu ilikuwa kulinda hoteli, na yeye alilala na fedheha. Sijui kama amewahi kunisamehe, na nimemfikiria mara nyingi kuliko wageni wote walionipa bakshishi.

Kwa hiyo nilimwambia meneja: nia ni ya kijana na Mungu wake. Mimi naongea juu ya mama yangu kukaa juani. Ukimkanyaga mtu bila kukusudia, unasema pole na unaondoa mguu. Hapa pole nimeipata, mguu bado uko palepale, kwa sababu kesho lango litafunguka na agizo lilelile.

Sheria nayo haingoji nia. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinamkataza mtu kumbagua mwenzake kwa misingi kama rangi au asili, iwe moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Ile njia ya kuzunguka ndiyo hii: "tunauliza buking tu," lakini swali linajua nani wa kuulizwa. Wakenya tuliwahi kuliona jambo hili waziwazi. Machi 2015 mkahawa mmoja wa Kichina mtaa wa Kilimani, Nairobi, uliripotiwa kuwazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa usalama. Nchi nzima ilipiga kelele, na mkahawa ukafungwa, ingawa kilichoufunga ni vibali. Diani hakuna kibao chochote ukutani cha kupigia picha. Kuna kijana anayeimeza shikamoo yake.

Tulipokuwa tunatoka niliongea naye pembeni, bila ukali. Aliniambia, akiangalia chini, "Nimeambiwa niulize wenyeji." Kisha, polepole, "Na mimi ni mwenyeji." Akamgeukia mama akamwamkia. Mama akaitikia marahaba, akamgusa bega.

Karibu na mlango wa wafanyakazi kulikuwa na tangazo la kazi. Wanatafutwa wahudumu "wenye mwonekano wa kuvutia" na "waliozoea wageni wa kimataifa." Nimekaa kwenye vikao vya kuajiri, na najua mwonekano wa kuvutia hutafsiriwa vipi mlango ukishafungwa: huyu mweupe kidogo aende mbele, yule arudi jikoni. Hakuna anayelisema, na kila mmoja hulielewa. Binti wa vijiji vya jirani kama Bongwe au Mwabungo atawazoea vipi wageni wa kimataifa ikiwa meza zao hazifikii? Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri akuze nafasi sawa kazini, na mfanyakazi akilalamika kwamba amebaguliwa, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo. Tangazo kama lile ni mzigo mzito wa kubeba mbele ya hakimu.

Niliandika barua kurasa mbili, nikaipeleka kwa mkono. Baada ya siku tisa meneja alinipigia simu, akaniomba nije tena nione.

Nilikwenda peke yangu Jumapili moja ya Novemba, nikakaa kwenye benchi ileile kwa kupenda kwangu. Mnyororo umeondolewa. Kijana ni yuleyule, na kila anayefika anaamkiwa, kisha anaulizwa swali moja: karibu, mna buking au mnatafuta meza? Mwanamume mmoja wa Kizungu alikunja uso alipoulizwa. Akajibu, akapewa meza. Dakika 20 zilizofuata sikuona mtu akiwekwa pembeni. Benchi nayo imewekewa mwavuli wa makuti.

Tangazo la kazi bado lipo. Wamebadilisha "mwonekano wa kuvutia" ikawa "nadhifu." Lile la wageni wa kimataifa halijaguswa. Nimemwambia meneja nitarudi kwa ajili hiyo, akasema anajua.

Chakula nyota tano, ukitoa mchicha. Lango, kwa siku ile ya Agosti, sina nyota ya kulipatia. Kwa Novemba ni tatu. Mwenye mzee aende mchana kabla ya saa nane, meza za makuti zinakuwa wazi.

Mama amekataa kurudi, na sikumsukuma. Nilimfungia pweza wa kubeba, nikavuka naye feri akiwa bado wa moto. Safari hii alimaliza sahani, kisha akaniuliza jina la mpishi.