Feni ya hema la kuoteshea: miezi saba na uyoga wangu hapa Nkuhungu

Hema nililinunua mtumba, kwa mtu aliyekuwa anahamia Dar es Salaam. Mita 1.2 kwa 1.2, kimo mita 2, ndani linang'aa kama karatasi ya kufungia chokoleti. Pamoja nalo nilipewa feni ya inchi 4 ya kuvuta hewa, bomba la aluminiamu linalokunjwa na kuvutwa kama kodiani, kichujio cha mkaa kikubwa kama ndoo ya lita kumi, na taa ambayo sikuihitaji. Vyote shilingi 260,000. Wakati tunapakia kwenye bajaji, muuzaji akacheka: "Mama, na wewe unaotesha ile kitu?"

Sioteshi ile kitu. Naotesha uyoga aina ya mamama (oyster), kwenye chumba alichokiacha mwanangu alipokwenda chuo. Ila swali lake sikulishangaa. Mahema ya namna hii wenzetu wa Kanada, walioruhusu bangi mwaka 2018, huoteshea bangi humohumo ndani ya nyumba, na kile kichujio cha mkaa kipo ili harufu isimfikie jirani. Kwetu bangi ni kesi ya mahakamani. Hata sijamaliza kufunga zipu, balozi wa nyumba kumi akabisha hodi. "Mwalimu, nasikia kuna hema chumbani. Unafuga nini?" Nikamwamkia, nikamwingiza, nikamwonyesha mifuko ya mabua ya mtama yaliyochemshwa na kutiwa mbegu. Akanusa, akaguna, akaomba robo kilo siku ya kuvuna.

Sasa feni. Kama feni, sina neno baya. Miezi saba haijakwama, sauti yake ya chini kuliko friji langu, na mabano yake ni ya chuma, si plastiki ya kuvunjika ukikaza parafujo. Shida ni kwamba imetengenezewa kazi nyingine. Bangi huwekwa chini ya taa kali, taa inatoa joto, kwa hiyo mwenye hema anataka hewa ikimbie. Uyoga hauna taa kali. Unachotaka ni hewa ya ukaa ipungue, maana uyoga unapumua kama sisi, na ukifungiwa hewa yake mwenyewe miguu inarefuka na kofia zinabaki kama vifungo vya shati. Lakini wakati huohuo unataka unyevu wa asilimia 80 hadi 90. Na hapa ni Dodoma, hewa ni kavu.

Nilipiga hesabu kwa kuchelewa. Hema langu lina mita za ujazo 2.88. Kibandiko cha feni kinasema mita za ujazo 200 kwa saa. Yaani hewa yote ya humo inatoka na kubadilishwa chini ya dakika moja! Mamama anatosheka hewa ikibadilishwa mara tano au sita kwa saa nzima. Mwezi wa sita sikuliona tatizo, baridi ilikuwepo na nilinyunyizia maji asubuhi, mchana na jioni. Mwezi wa tisa upepo ulipoanza, kipimo cha unyevu kilisoma 31 chumbani saa saba mchana, na ndani ya hema, feni ikizunguka, 48. Vichanga vya uyoga vilikauka vikawa kahawia kabla hata ya kufunguka. Mifuko kumi na minne.

Fundi umeme wangu, kijana mzuri lakini mwenye haraka, akasema, "Hiyo tunaipunguza tu, mama." Akafunga swichi ya kupunguzia mwanga wa taa. Feni ilipungua kweli, ila ikaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki, na nusu saa baadaye nilipoigusa mota ilikuwa ya moto wa kuunguza kiganja. Swichi zile ni za balbu. Feni kama yangu inataka kidhibiti chake, au ununue tangu mwanzo ile yenye mota ya kisasa inayokuja na kirungu cha kuchagua mwendo. Kama bado hujanunua, ongeza hela uchukue hiyo. Au chukua ndogo zaidi. Mimi tayari nilikuwa nimeshaingia.

Nikahamia kwenye taima, kifaa cha kuiwasha na kuizima feni kwa saa. Ile ya kuzungusha kwa mkono, yenye meno pembeni, kila jino ni dakika kumi na tano, na dakika kumi na tano kwa feni hii ni nyingi mno. Tena umeme ukikatika saa yake nayo inasimama. Nilikwenda msibani Kondoa siku tatu. Kurudi nikaikuta saa nne nyuma, feni imefuata ratiba ya ulimwengu wake. Ya pili, ya kidijitali, ina betri ndani na haipotezi saa, lakini inakubali programu ishirini tu kwa siku, na siku ina saa ishirini na nne. Niliyobaki nayo ni taima ya mzunguko: unaiambia iwashe dakika tano, izime hamsini na tano, basi. Umeme ukirudi inaanza upya bila kuuliza saa ngapi. Hapo ndipo mita ya umeme, LUKU, nayo ikapumua. Feni ni wati 30, kwa hiyo ikizunguka mwezi mzima bila kupumzika inakula kama uniti 22. Kwa dakika tano kila saa haifiki hata 2.

Bomba la kutolea hewa ndilo lililonifanya nigombane na ukuta. Mara ya kwanza tulilitoa kwenye dirisha la mashariki kwa sababu lilikuwa karibu. Anayeishi Dodoma anajua upepo wetu unatoka wapi. Feni ikizimwa, upepo unaingia kinyumenyume kupitia bombani na kumwaga vumbi jekundu juu ya mifuko. Tukahamisha kwenda dirisha la magharibi: kioo kimoja tukakitoa, tukaweka plaiwudi yenye tundu, na nje tukafunga kifuniko chenye mabawa mepesi, yanayofunguka hewa ikitoka na kujifunga ikitulia. Bomba likawa refu zaidi ila lina kona moja badala ya tatu, na lilivutwa likanyooka. Usiache likiwa limejikunja kama utumbo, kila mkunjo unakula nguvu ya feni. Na litoke nje kabisa ya nyumba, si sebuleni. Mamama waliokomaa wanamwaga spora nyeupe kama unga, na mwenye kifua chepesi atakohoa usiku kucha. Mimi navuna kabla ukingo wa kofia haujapinduka juu, na feni naifuta kwa kitambaa kila wiki mbili.

Hewa ya kuingia inapita matundu mawili ya chini. Mwanzoni niliyafunga nusu, kuta za hema zikabonyea ndani kama mashavu ya mtu anayevuta mrija. Kubonyea kidogo ni dalili nzuri kwamba hewa haivuji pengine, lakini vile ilikuwa ni kuikaba feni. Nikayafungua yote, nikayafunika kwa wavu mwembamba, kisha mbele yake nikaning'iniza gunia la katani lililolowana, ncha yake ikiwa ndani ya beseni la maji. Hewa kavu inapenya kwenye gunia, inatoka ya baridi na yenye unyevu. Mtungi wa bibi ulikuwa unafanya kazi hiyohiyo pembeni mwa jiko. Gunia pamoja na taima, mchana wa mwezi wa kumi nilisoma 85 ndani ya hema, na nyuzi joto 25 wakati chumba kilikuwa 29. Gunia lilinigharimu shilingi elfu tatu Majengo sokoni, na kwangu limefanya zaidi ya feni.

Tangu mvua zianze nimelitoa, hewa yenyewe ina maji ya kutosha. Kero ya sasa ni vijinzi vyeusi vinavyofuata mifuko, na wavu wangu wa kwanza, wa mbu wa kawaida, vinapita tu. Nimeweka kitambaa cha nailoni cha shela, tabaka mbili, na feni imeanza kuhangaika kidogo, kwa hiyo nimeipa dakika saba.

Kichujio cha mkaa hakijatoka kwenye mfuko wake. Balozi amekiulizia mara mbili, anataka akifunge kwenye choo chake cha shimo. Nimemwambia bila feni hakivuti kitu. Sasa anaiulizia na feni.