Kamusi ya visawe ya simu na kidahizo cha "msongamano"

Kamusi hii ya visawe nimeitumia kwa miezi minne katika kazi yangu ya uhariri hapa Nairobi. Inafunguka upesi, haihitaji intaneti ikishapakuliwa, na maandishi yake yanasomeka vizuri hata ndani ya matatu. Kasoro niliyoiona iko chini ya "msongamano", ambapo wameorodhesha umati, halaiki na wingi wa wakazi kana kwamba mwandishi anaweza kuchukua neno lolote kati ya hayo. Kijana mmoja aliyeifuata, akilinganisha wingi wa wakazi wa sehemu mbili za Nairobi, aliniletea sentensi hii: "Umati wa Mathare ni mkubwa kuliko wa Lang'ata."

Songamana ina mnyambuliko ule ule wa shikamana na fungamana, unaodokeza kugusana. Asubuhi moja huko Gikomba, mwenye mkokoteni uliosheheni marobota ya mitumba alipiga mluzi, nasi tuliokuwa kichochoroni tukajibanza kwenye meza ya viatu hadi nikahisi kisogoni pumzi ya mama aliyekuwa nyuma yangu. Huo ndio msongamano, na wachuuzi wakishafunga vibanda jioni, unakwisha.

Wingi wa wakazi haukwishi jioni. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 206,564 katika kaunti ndogo ya Mathare, yenye takriban kilomita 3 za mraba, na wakazi hao hawapungui hata saa nne asubuhi, wengi wao wakiwa kazini na vijia vikipitika bila watu kupigana vikumbo. Lang'ata ilikuwa na wastani wa chini ya watu 1,000 kwa kilomita ya mraba, kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi imo ndani ya mipaka yake, lakini jioni kwenye vituo vya matatu vya huko utasongwa vilevile. Umati nao ni watu wenyewe waliokusanyika, wawe wamebanana au wametawanyika nyasini. (Wanajiografia husema "msongamano wa watu" kwa maana ya idadi kwa kilomita ya mraba, matumizi hayo yalistahili alama ya kuonyesha kuwa ni ya taaluma hiyo, nayo haipo.)

Inasikitisha zaidi kwa sababu kidahizo cha "pomoni" kimeandikwa kwa uangalifu: kina mfano wa sentensi, na kinaeleza kwamba neno hilo huandamana na kujaa. Kwa sasa ninaipa nyota tatu kati ya tano, na "msongamano" ukirekebishwa kwa namna hiyo nitalipia mwaka wa pili.