Fundi wa faiba Ngamiani aliyepima joto kabla ya kuniuzia kitu

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga, na chumba cha kuchapia kiko ng'ambo ya ua, kwenye banda la mabati. Kati ya duka na banda umepita waya wa faiba, ule wa kioo unaopitisha mtandao kwa mwanga, na bandani unaishia kwenye kisanduku cha mtandao. Tangu kaskazi ilipokolea, kila ikifika saa nane mchana mtandao wa bandani unakatika, kisha jioni unarudi wenyewe. Duka la kwanza waliniuzia ruta mpya; kesho yake saa nane ukakatika vilevile. Fundi wa pili akataka tufukue waya wote.

Huyu wa tatu nilielekezwa na jirani yangu muuza baiskeli. Swali lake la kwanza: "Dada, hicho kisanduku kimekaa wapi?" Nikamwambia juu kabisa, chini ya bati. Akaja saa saba na nusu, makusudi. Akapanda ngazi, akabandika kipimajoto ubavuni mwa moduli ya leza, yaani kile kidude cha kisanduku kinachotuma mwanga ndani ya waya, akachomeka mita ya mwanga upande wa pili wa waya, tukasimama tukiangalia. Joto likapanda hadi nyuzi 76, na mwanga ukawa unafifia mbele ya macho yangu. Moduli yangu ilikuwa ya kawaida, mwisho wake nyuzi 70. Leza ikipata joto hudai umeme zaidi kutoa mwanga uleule, mpaka inachoka.

Wakati tunangoja ipoe nikamletea kahawa, naye akafunguka. Kwenye mitambo mikubwa ya mawasiliano rangi nyingi za mwanga hupita ndani ya unywele mmoja wa kioo, mara nyingi zikiachana kwa nanomita 0.8 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Leza isiyodhibitiwa joto, rangi yake huhama karibu nanomita 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Nyuzi nane tu, imeshaingia njia ya jirani. Hata kibao cha kioo kinachozitenganisha rangi hizo huhama, ingawa si sana kama leza, ndiyo maana chini yake huwekwa hita ya kukishikilia kwenye joto moja.

Vifaa hivyo, akasema, watu huvigombea kwa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya alichobuni. Marekani mkaguzi akikataa ombi lako, unakata rufaa kwenye bodi ya ofisi hiyohiyo ya hataza, na ukishindwa hapo unaweza kwenda Mahakama ya Rufaa ya Federal Circuit, inayosikiliza rufaa za hataza. Swali linalorudi mara nyingi ni hili: fundi wa kawaida wa fani hiyo, kwa maarifa yaliyokuwepo, jambo hili lingekuwa wazi kwake? Nikasema kuweka hita chini ya kioo nani asingeliwaza! Akatikisa kichwa. "Hita, sawa. Ila kipimajoto unakiweka wapi, dada? Hapo ndipo penye kazi." Nikakumbuka wale wawili wa mwanzo, hakuna aliyepanda ngazi.

Alikishusha kisanduku ukutani, karibu na dirisha linalopata upepo wa bahari, akabadilisha moduli moja tu kwa ile ya viwandani inayovumilia hadi nyuzi 85. Nilitaka kununua na feni, akanikatalia. Moduli ilichukua siku nne kufika kutoka Dar es Salaam, na hilo liliniumiza kwa kuwa nilikuwa na kazi za watu mkononi. Simu pia hapokei akiwa kazini.

Jana saa nane nilikuwa nachapa kadi za harusi 300 na mtandao haukutikisika. Ukienda, nenda asubuhi, na umwambie mapema kifaa chako kimekaa wapi.