Fanicha za nyumba ya likizo ufukweni: kipi ununue, kipi ukikimbie

Nyumba ya baharini inakula fanicha, na wala siyo wageni au watoto wenye mchanga miguuni, ni hewa yenyewe. Upepo unaleta chumvi inatua kila mahali, unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75 hivi ile chumvi inavuta maji na kuyeyuka palepale ilipo, iwe juu ya skrubu au kwenye zipu ya mto. Halafu sasa kwa kuwa ni nyumba ya likizo inafungwa hata mwezi mzima, hakuna hewa inayopita, ukifungua unapokelewa na harufu ya ukungu. Ndiyo maana kwenye viti na meza za sebuleni na barazani mimi siangalii staili kwanza, naangalia kimetengenezwa na nini.

Namba moja ni mtiki, wengine wanaita msaji. Mbao yake ina mafuta ya asili, haiozi kirahisi na mchwa hawaipendi. Jua likiipiga inageuka kijivu, hiyo siyo kuharibika, ni rangi tu, kama hupendi piga msasa. Ila kuwa macho, mtiki mzuri ni ile sehemu ya ndani ya gogo yenye rangi ya kahawia, ukiona kiti kina michirizi myeupe myeupe ujue wamechanganya na mbao ya pembeni ambayo haina ule ubishi. Kigeuze kabisa miguu juu uangalie chini, huko ndiko wanakoficha. Skrubu nazo uliza kama ni stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya daraja la 316, siyo 304, zote zinang'aa sawa dukani lakini 316 ina molibdeni, madini yanayosaidia kupambana na chumvi.

Namba mbili, aluminiamu iliyopakwa rangi ya unga ile ya kuokwa. Haishiki kutu nyekundu kama chuma na ni nyepesi, karibu theluthi ya uzito wa chuma cha ukubwa uleule, japo huo wepesi nao ni kero barazani upepo ukichachamaa. Udhaifu wake uko kwenye maungio, stenlesi ikigusana na aluminiamu kukiwa na maji ya chumvi ni aluminiamu inayoliwa, utaona rangi inavimba kuzunguka skrubu, kwa hiyo tafuta yenye washa (vile vipete vya chini ya skrubu) za plastiki katikati.

Tatu ni ratani ya plastiki, yaani nyuzi za plastiki zilizosukwa kuiga henzirani. Ya polietilini inavumilia jua, ya PVC inakauka na kukatika vipande. Shida kubwa lakini haionekani, iko ndani, wauzaji wengi wanasukia juu ya fremu ya chuma kikaoza humohumo mpaka siku unaona maji ya kahawia yanachuruzika kwenye vigae. Nenda na kasumaku kadogo mfukoni, kakinasa kwenye fremu achana nacho.

Ratani halisi ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho yangu na bado naiweka ya nne. Ukungu unaipenda mno. Kiti kimoja chumbani karibu na dirisha, sawa, seti nzima kwenye nyumba inayofungwa hapana.

Mkiani kabisa chipubodi na MDF, yaani mbao za vipande au unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Kabati linavimba miguuni kwa deki tu, na likishavimba halirudi. Chuma cha kupaka rangi kinakaa hapohapo mkiani.

Na mito jamani, watu wanamaliza hela kwenye fremu halafu wanaweka sponji la kawaida linalokaa na maji siku tatu. Barazani chukua sponji lenye matundu makubwa linalopitisha maji, kitambaa kiwe cha akriliki (nyuzi za viwandani) ambayo rangi imetiwa ndani ya nyuzi zikiwa zinatengenezwa, hiyo haipauki haraka, zipu za plastiki, foronya zinazovulika zote. Sofa nyeupe hata siikatazi kama foronya inaingia mashineni. Ila kabla hujalipa muulize muuzaji kama foronya za akiba za saizi hiyo anazo, akikujibu "tutaangalia" hesabu hana.