Bandcamp kwa anayeanza metali kali na mvi kichwani: uzoefu wangu

Nimevuka hamsini, nimelelewa kwa taarabu na rumba, na siku hizi simu yangu imejaa metali, ule muziki wa magitaa ya kelele na watu wanaonguruma. Nanunua muziki wangu Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Naandika hasa kwa wa rika langu, kwa sababu sifa nyingi za huduma hii huandikwa na vijana ambao tayari wanajua wanachotafuta. Sisi hatujui, na hapo ndipo inapotufaa zaidi.

Mlango wangu ulikuwa albamu ya Duma, ile ya mwaka 2020. Ni Wakenya wawili, Martin Kanja na Sam Karugu. Waliirekodi Kampala, na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya hukohuko Uganda ndiyo iliyoitoa. Mpwa wangu alinitumia kiungo bila maelezo. Dramu ni za mashine, zinakwenda mbio kiasi kwamba mguu unakata tamaa kuzifuata, na Kanja juu yake anapasua koo. Mke wangu akachungulia mlangoni: "Baba Salma, hilo jenereta litazimwa saa ngapi?" Nikavaa hedifoni, nikairudia yote.

Sasa huduma yenyewe. Unasikiliza kwanza, ukipenda unalipa, na faili linakuwa lako. Unachagua MP3 au FLAC. FLAC ina sauti kamili lakini ni nzito, kwa hiyo kama unatumia bando subiri ufike penye Wi-Fi. Simu ikipotea, unaingia kwenye akaunti yako na kupakua tena. Malipo ni kwa kadi au PayPal. Mimi hutumia ile kadi ya Visa ya ndani ya M-Pesa. Kwenye mauzo ya faili Bandcamp hukata asilimia 15, na kwenye bidhaa za kushika mkononi asilimia 10. Tangu Machi 2020 kuna baadhi ya Ijumaa ambazo wao hawachukui fungu lao kabisa. Mimi hurundika orodha yangu hadi Ijumaa hizo, maana bendi nyingi za namna hii hazina mdhamini wala redio ya kuzipiga.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni vile vipicha vya wanunuzi chini ya albamu. Bonyeza kimoja, utaona kabati lote la mwenzako: alichonunua, na pengine sentensi moja ya kwa nini. Duka lenye mwuzaji anayejua metali Mombasa sijaliona, na wageni hawa wamenifaa kama mwuzaji huyo. Kuna ladha ya mtu nimeifuata mpaka nikajikuta kwenye bendi za Botswana, ambako Wrust, Overthrust na Skinflint wana mashabiki wanaovaa ngozi na kofia za kichunga ng'ombe kwenye jua lile!

Tabia nyingine ya kujifunza ni kusoma majina ya wapigaji. Shemeji yangu anayeishi Birmingham aliniletea CD ya Scum, albamu ya bendi ya Napalm Death, ya 1987, iliyorekodiwa mjini humohumo. Ina nyimbo 28, na mmojawapo hauzidi sana sekunde moja. Ukipiga chafya umekupita. Lakini cha ajabu zaidi ni kwamba upande wa kwanza na wa pili wa santuri ya awali zimepigwa na watu tofauti, isipokuwa mpiga dramu Mick Harris. Mpiga gitaa wa upande wa kwanza, Justin Broadrick, alikwenda kuanzisha bendi ya Godflesh. Wa upande wa pili, Bill Steer, ni wa Carcass, na mwimbaji Lee Dorrian akaunda Cathedral, ambao walipiga polepole hadi unadhani betri imeisha. CD moja ikanipa njia tatu za kufuata. Ukianza ukubwani huna miaka ya kujaribu kila kitu, na majina haya yanaokoa pesa.

Kuhusu santuri, mimi nasema acha, au nunua moja ya kutundika ukutani. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo hesabu hii naijua: ushuru wa mzigo wa meli haukokotolewi kwa bei ya santuri peke yake, bali bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 16 inapanda juu yake. Halafu kuna joto letu, ambalo halina urafiki na plastiki. Kanda ni nafuu zaidi, ila tafuta kwanza redio yenye mkanda unaozunguka vizuri.

Tahadhari moja: weka nakala za faili zako kwenye diski ya nje. Bandcamp ilinunuliwa na Epic Games mwaka 2022, ikauzwa kwa Songtradr mwaka uliofuata, na karibu nusu ya wafanyakazi wakaachwa. Kampuni ikipita mikononi namna hiyo, mali yako ikae kwako.

Maneno ya nyimbo nyingine siyakubali, hasa ya wale wa Norwe waliochoma makanisa. Hao siwapi hata senti. Kilichopo kwenye orodha yangu ya Ijumaa ijayo ni The Adept ya 2024, ya Kanja huyohuyo akijiita Lord Spikeheart, yenye kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau. Kwa huduma natoa nyota nne na nusu.