Mustang ya 1968, Corvette C8 na Dodge Demon kwenye robo maili: nguvu ipo, shida ni kuifikisha chini

Niseme mapema ili tusizungushane: kwenye mbio za robo maili, yaani dragi, gari mpya ya Kimarekani inaichapa ya zamani, na inaichapa vibaya, hilo halina ubishi. Ila sababu wanazotoa watu wengi mimi sikubaliani nazo. Kila mtu atakuambia ni injini, za sasa hivi zina hosipawa 700, mara 800, mara 1,000. Sasa njoo usimame pale karibu na taa za kuanzia uangalie gari zinavyoondoka, utaona mbio zimeshaamuliwa ndani ya futi 60 za mwanzo, yaani mita 18 tu, na pale kinachoongea ni tairi, gia na uzito wa gari umekaa upande gani. Injini inakuja kuongea baadaye huko mbele.

Mimi naishi Ohio na ijumaa usiku kukiwa hakuna mvua nipo uwanjani, wanafungua njia kwa mtu yeyote mwenye gari na helmeti unalipa unakimbia. Kwa wasioijua hii kitu, robo maili ni mita 402, njia mbili zimenyooka, ukuta huku na huku, na pale mwanzo kuna ule mlingoti wa taa ambao NHRA, chama cha mbio hizi kilichoanzishwa na Wally Parks 1951, walianza kuutumia 1963. Ukimaliza unapewa kikaratasi chenye namba kibao ila za kukodolea macho ni tatu, muda wa futi 60, muda wote, na spidi ya kumalizia. Na muda hauanzi taa ikiwa kijani, unaanza tairi lako la mbele likiondoka kwenye ule mwali wa mwanga wa pale mwanzo, kwa hiyo ukichelewa kwenye taa unaweza kushindwa mbio na bado gari yako ikawa na muda mzuri kuliko ya mwenzio. Watu wanalichanganya sana hili.

Spidi ya mwisho inakuambia injini ina nguvu kiasi gani. Muda unakuambia hiyo nguvu imefika kwenye lami au imeishia kwenye moshi. Zishike hizo mbili kichwani maana ndo nitapimia kila gari hapa.

Nianze na mzee. Mustang 428 Cobra Jet ya 1968, injini ya lita 7. Enzi hizo Ford walikuwa wanachapwa barabarani na Chevrolet na Pontiac, mpaka muuza magari wao mmoja wa Rhode Island, Bob Tasca, akachukua Mustang GT iliyokufa injini akaipachika 428 akaipa vipuri vya Ford hao hao, gari ikawa moto, na Ford wenyewe walipoiona wakaamua kuitoa kiwandani. Ikaonekana kwa mara ya kwanza Pomona, California kwenye Winternationals za 1968, mashindano makubwa ya NHRA, na dereva Al Joniec akaondoka na ushindi wa daraja la Super Stock. Gazeti la Hot Rod wakaipima wakapata sekunde 13.56 kwa maili 106.64 kwa saa, kama kilomita 171 hivi. Kwa mwaka 1968, gari ambayo mtu unaenda kuinunua dukani na kurudi nayo nyumbani, hiyo ilikuwa balaa.

Ford waliandika hosipawa 335. Hakuna anayejua gari aliyeamini, ilikuwa zaidi, namba ndogo ilisaidia kwenye upangaji wa madaraja ya mbio na kwenye bima. Afu kuna upande wa pili wa uongo wa namba za zamani na hapa ndo vijana wanapotea: Chevelle SS 454 LS6 ya 1970 imeandikwa 450, Mustang GT ya 2018 imeandikwa 460, mtu anakwambia ah zinalingana tu. Hazilingani hata kidogo. Zamani injini ilipimwa ikiwa peke yake kwenye stendi, bila mizigo yake ya kila siku, feni, ekzosi ya gari yenyewe, filta ya hewa, vyote pembeni. Mwaka 1972 wakahamia kupima injini ikiwa na vitu vyake vyote kama inavyokaa ndani ya gari, na angalia kilichotokea kwa Corvette yenye 454 ile ya LS5, 1971 imeandikwa 365, 1972 imeandikwa 270, na injini ni ile ile. Kwa hiyo ukisoma namba yoyote ya kabla ya 1972 ikate kwanza kichwani ndo uanze kubishana.

Ila narudi kwenye point yangu, hata ukiikata, maili 106 mwisho wa robo maili inaonyesha nguvu ilikuwepo ya kutosha. Kilichokosekana ni cha kuishikia. Tairi la inchi 14, nyuzi za mshazari, uso mwembamba, mpira mgumu. Nyuma ekseli nzima imening'inia kwenye springi za majani, ukikanyaga ekseli inataka kujiviringisha, springi zinajipinda kisha zinajirudi, tairi linaruka ruka pale pale ulipo. Ford walilijua hilo, kwenye Cobra Jet za gia nne za mkono walifunga shokapu moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake ili kupunguza huko kuruka. Ilisaidia, haikumaliza.

Kuna mzee mmoja pale uwanjani ana hiyo ya 1968, namsaidia saidia kusukuma gari tukiwa kwenye foleni, na nimejifunza kwake kuliko video zote nilizowahi kuangalia. Kati ya mbio na mbio hafanyi haraka, anafungua boneti, anaweka mfuko wa barafu juu ya manifodi ya kuingizia hewa, anachuchumaa nyuma na kigeji chake anapunguza upepo kidogo, anagusa mpira kwa kiganja kusikia joto, anapunguza tena. Akiwa na tairi za muundo wa zamani hawezi kukanyaga mpaka chini, anaondoka pole pole anasikilizia, mguu unaongeza kidogo kidogo mpaka gia ya pili ndo anaachia. Akifunga zile radiali laini za kisasa za dragi, injini ile ile, kabureta ile ile, anashuka zaidi ya nusu sekunde na spidi ya mwisho inabaki karibu pale pale. Huo ndo ushahidi wangu. Nguvu haijaongezeka hata kidogo, imepata tu pa kushikia.

Na usidhani wazee hawana lao kabisa. Kuna mashindano yanaitwa Pure Stock Muscle Car Drags pale Stanton, Michigan, gari zinatakiwa ziwe kama zilivyotoka kiwandani na tairi za muundo wa enzi zile, na zipo zinazoingia 12 na hata 11. Hiyo ni kazi ya mikono, kabureta na taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, zimekaa sawa, na dereva anajua mguu wake.

Sasa tuje kwenye za sasa. Mustang GT ya 2018, lita 5, hosipawa 460, oto ya gia kumi. Hiyo gia kumi bwana Ford waliitengeneza pamoja na General Motors, wapinzani wa miaka na miaka, na ni bonge la kitu. Magazeti wakaipima wakapata sekunde 12 na ushee kidogo, maili 118 hivi, kama kilomita 190. Injini haipati nafasi ya kushuka, ukibadili gia bado uko kwenye nguvu. Ina na mpangilio wake wa dragi, ina na kitufe cha kufunga breki za mbele ili uzungushe tairi za nyuma zipate moto. Jamaa yangu Mkenya anayo ya 2019, hajui hata plagi iko wapi, lakini mbio zake zote kwa usiku mmoja zinapishana sehemu ndogo sana ya sekunde. Yule mzee akipata mbili zinazofanana usiku mzima anatabasamu. Kwangu mimi hii ndo sifa kubwa ya gari mpya kuliko hata muda wenyewe, inarudia. Kesho inafanya kile ilichofanya leo.

Na hapa sasa ndo utamu wote ulipo. Chukua Shelby GT500 ya 2020, hosipawa 760, sapachaja ya kusukumia hewa kwenye injini, gia saba za klachi mbili. Afu chukua Corvette C8 ya kawaida ya 2020, hosipawa 495 ikiwa na Z51, pakeji yake ya spoti, haina tabo wala sapachaja. Chevrolet wanasema C8 inamaliza sekunde 11.2 kwa maili 121. GT500 magazeti walipata 11.3, 11.4, kwa maili 132! Soma tena hizo spidi za mwisho. GT500 inapita mstari ikiwa mbio zaidi kwa maili 11 na bado muda wao karibu sawa, kwa sababu C8 injini iko nyuma ya mgongo wa dereva, uzito umekalia tairi zinazosukuma, inaondoka kama jiwe la kombeo wakati mwenzie bado anapambana na tairi. Hosipawa 265 za ziada zinatumika kufidia kilichopotea mita 18 za mwanzo. Mtu akiniuliza gari moja ya kununua kwa ajili ya robo maili na bado uende nayo kazini, ni C8, tena ilipotoka ilikuwa chini kidogo ya dola 60,000. Nitabishana na yeyote.

Dodge wao walielewa hili somo kuliko wote. Challenger Demon ya 2018 ina uzito wa zaidi ya kilo 1,900, injini mbele, kwa mahesabu ya kawaida hilo sio gari la dragi. Lakini walianzia chini, kwenye tairi. Nitto radiali ya dragi, 315, kutoka kiwandani kabisa. Springi na shokapu zimelegezwa makusudi ili pua inyanyuke na uzito urudi nyuma, oto yenye kufuli ya kushikilia gari huku injini inavuta, na mpaka gesi ya AC wameichepusha ikapoze hewa inayoingia kwenye injini. Hosipawa 840 ukiweka petroli ya oktani 100, 808 ukiweka ya pampu ya oktani 91. Matokeo sekunde 9.65 kwa maili 140, NHRA wenyewe wakathibitisha, kisha wakasema kwa jinsi ilivyo haiwezi kukimbia kwenye mbio zao kwa sababu chini ya sekunde 10 sheria ya wakati ule ilitaka keji ya mabomba ndani. Demon 170 ya 2023 ikaenda mbali zaidi, hosipawa 1,025 ukitumia E85, mafuta yenye ethanoli nyingi, sekunde 8.91 kwa maili 151.17. Kutoka 13.56 hadi 8.91, gari yenye namba za barabarani.

Hizi namba za Dodge ni za uwanja ulioandaliwa vizuri lakini, lami imepuliziwa gundi, ukitembea pale soli ya kiatu inanata kila hatua. Kwenye barabara ya kawaida Demon na tairi zake za baridi itakusumbua, na mvua ikinyesha zile tairi usizipeleke popote. Na gari zote za sapachaja zina tatizo la joto, mbio ya kwanza safi, ya pili safi kidogo, ya tatu kompyuta inaanza kuchelewesha taimingi kulinda injini na unaona spidi ya mwisho inashuka kwenye karatasi. Subiri ipoe, usilazimishe.

Kwa mlioko nyumbani Afrika Mashariki mnaotamani, Mustang ya kuanzia 2015 ndo ya kwanza kutoka kiwandani na usukani kulia, na Corvette ya kwanza kutoka kiwandani hivyo ni C8. Challenger za 2008 hadi 2023 hazikutengenezwa usukani kulia kabisa. Wa Nairobi mwangalie na mwinuko pia, injini isiyo na tabo wala sapachaja inapoteza kama asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo pale Nairobi Mustang GT imeacha hosipawa 70 na zaidi kabla hujawasha. Uwanja wa Bandimere kule Morrison, Colorado, uliofungwa 2023, ulikuwa na shida hiyo hiyo, na NHRA wana hesabu maalum za kurekebisha muda wa viwanja vya juu. Gari mpya kompyuta inarekebisha mafuta yenyewe, ya kabureta utabadilisha jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta, kwa mkono. Mombasa na Dar hewa ni nzito ila joto na unyevu vinakula kidogo.

Na kama umeshapata ya zamani tayari, tafadhali usikimbilie kamshafti na kabureta kubwa. Anza na tairi. Zikishakuwa nzuri funga vizuia ekseli kujiviringisha na shokapu za nyuma, halafu angalia difu, ratio ya 3.91 kwenda juu kwa gari ya gia nne. Injini yenye mgandamizo (compression) wa 11 kwa 1 hivi kama LS6 ya Chevelle nayo uipe petroli ya oktani ya juu, ukiijaza ya kawaida itagonga na utaharibu pistoni. Kila badiliko moja, kimbia, soma futi 60, ndo uguse lingine.